Wachumba wa Nyumba

Nyumba yetu ya kilimani iliposwa mara nyingi kuliko msichana yeyote wa kijiji chetu cha Vrisoules, na kila mara mume wangu alikataa posa.

Nasema posa kwa sababu ndivyo Minas alivyoifanya. Watu walikuja na pesa zao halali kununua nyumba iliyotangazwa kuuzwa, yeye akawapokea utadhani wamekuja kumwomba binti. Aliwakalisha barazani, akawapa kahawa, kisha akaanza. Wewe ni mtoto wa nani? Baba yako alifanya kazi gani? Mbona hujaoa? Umeoa, mbona hujazaa? Mimi niko nyuma ya mlango na sahani ya biskuti mkononi, nakunja vidole vya miguu ndani ya viatu kwa hasira, maana mwisho wake naujua. Mwisho wake Minas atasimama, atajipangusa suruali na kusema, "Tutafikiri." Na kwetu baba wa binti akisema atafikiri, mchumba huchukua kofia yake akaenda zake.

Lazima niseme ilivyoanza, la sivyo mtu atadhani mume wangu ni mwehu. Si mwehu. Ana kichwa kigumu tu, na heri wehu, una dawa.

Kisiwani kwetu, huku Ugiriki, nyumba ni ya mwanamke. Kijana wa kiume hajengewi. Akioa ataingia kwa mkewe na sanduku la nguo, na akiwa na bahati, redio. Lakini akizaliwa mtoto wa kike, baba yake huanza siku hiyohiyo kutafuta mawe, na majirani humpa hongera na pole kwa pumzi moja. Sisi tulijaliwa mmoja tu, Evdokia, jina la mama yangu kama desturi inavyotaka. Na Minas ni fundi mwashi. Maisha yake yote amewajengea matajiri majumba katika visiwa vya watu. Angemjengea mwanawe kibanda?

Evdokia alikwenda chuo Athens akarudi na mahubiri. Saruji inaua dunia, Baba. Kiyoyozi kinaua dunia. Dawa ya bwawa la kuogelea inaua vyura. Baba mtu alisikiliza kimya huku akitafuna zeituni, nami nikadhani hasikii. Kumbe anasikia mno. Akaijenga nyumba nzima kwa mahubiri yale: kuta nene za mawe ya shamba lenyewe, dari iliyoshindiliwa majani makavu ya baharini ili joto lisipite, tangi chini ya sakafu la kukusanya mvua, umeme wa jua, na bwawa linalosafishwa na matete, lenye vyura wanaoimba utadhani wamelipwa. Juu ya hayo yote akaweka anasa. Jiko la marumaru, bafu lililochongwa katika jiwe moja, milango ya mberoshi inayofunguka kwa kidole. Ilimchukua miaka, Jumapili na sikukuu zote zimo humo, na zangu pia.

Kasoro ilikuwa moja. Hakuweza kunyamaza. Evdokia akishuka melini, kabla hajanibusu vizuri, baba yake ameshatupa begi ndani ya pikapu anampeleka kilimani. Chagua vigae. Shika huu ukuta. Hapa utalala. Hapa mtoto wako atatambaa. Mtoto gani, na mume mwenyewe bado hajapatikana! Alipopata kazi Uholanzi, kila akipiga simu kumjulia baba yake hali, anajibiwa habari za mabomba. Mwishowe Pasaka moja, mbuzi bado yuko tanurini, Minas akamuuliza mbele ya wageni atahamia lini. Evdokia akaweka uma chini.

"Baba, hiyo si nyumba. Ni kamba ya mbuzi."

"Mbuzi mwenye kamba hapotei," akasema Minas.

"Wala hatembei."

Akaondoka na meli ya jioni, mbuzi hajaliwa. Pale gatini alinikumbatia akaniambia sikioni, "Mama, siku mtakapoiuza ile nyumba nitakuja. Kabla ya hapo usinisubiri." Nikadhani ni hasira ya siku moja. Nilisahau kwamba mtoto wa Minas ni mtoto wa Minas.

Akampata Mholanzi wake huko, akazaa mtoto wa kike, na mimi nikamwona mjukuu wangu kwenye kioo cha simu, kichwa chini miguu juu, kwa kuwa Evdokia hajui kushika simu. Wamemwita Fenna. Kwa desturi angeitwa Sevasti, jina langu. Nilimuuliza padri Fenna ni mtakatifu wa siku gani, padri akatazama dari. Nikameza. Jina si kitu. Nilitaka kumbeba, basi. Nilitaka kumshika yule mtoto kabla hajawa mkubwa wa kukataa kushikwa, na katikati yetu ilikuwa imesimama nyumba ya mawe yenye vyura.

Minas aliamini kinyume kabisa.

"Mwenye nyumba hurudi," alisema. "Tukiiuza, atarudi wapi?"

"Atarudi kwangu!"

"Kwako choo kiko uani."

"Amekulia kwenye choo hicho na hakufa!"

Nilimsumbua kipupwe kizima. Nilimsumbua akila, nilimsumbua akinyoa ndevu, nilimsumbua kanisani kwa jicho tu, mpaka siku moja akapiga kelele, "Haya, uza!" kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku. Sikumpa nafasi ya kugeuza maneno. Asubuhi yake nilikuwa bandarini kwa Mirsini, dalali wa nyumba, binti ya marehemu rafiki yangu. Akaja na miwani yake ya jua, akapiga picha, akaandika tangazo, akanisomea: jumba la kifahari, rafiki wa mazingira, karibu na kijiji halisi cha kisiwani.

"Kijiji halisi?" nikamuuliza. "Kwani kuna cha plastiki?"

"Shangazi Sevasti, niachie kazi yangu."

Nikamwachia. Na kazi yake aliifanya vizuri, maskini. Wachumba walianza kuja kabla hata milozi haijamaliza kuchanua.

Wa kwanza walikuwa mtu na mkewe kutoka Munich, wembamba wote wawili, wamevaa viatu vya kupandia milima. Walijua kila kitu kuhusu majani ya baharini. Waliitazama ile dari karibu walie. Mimi nilishaanza kuhesabu mahali pa kumlaza mtoto, kitanda changu au cha Evdokia. Mirsini alikuwa akitafsiri.

"Muulize ana nyumba ngapi," akasema Minas.

Mirsini akauliza. "Tatu, mjomba. Moja mjini kwao, moja milimani, moja Hispania."

"Na hii ya nne."

"Ndiyo."

"Basi mwambie, mwanamume mwenye wake watatu akija kuposa wa nne, hatafuti mke. Anatafuta pa kutundika koti."

Mirsini akawageukia wageni, akatabasamu, akasema neno refu la Kijerumani. Wageni nao wakatabasamu.

"Mbona wanacheka?" Minas akamkazia macho. "Nilichosema hakichekeshi."

Akasimama. Akajipangusa suruali.

Wa pili alikuwa daktari wa meno wa Athens, na huyo ni Mgiriki mwenzetu, kwa hiyo hakukuwa na mkalimani wa kutuokoa. Mtu mzuri, mpole. Alikunywa kahawa, akasifu bafu, akasifu zeituni. Kisha mwenyewe akajichimbia kaburi. Akasema atakuwa anaikodisha kwa watalii, wiki kwa wiki, kila Jumamosi wanatoka hawa wanaingia wengine.

Minas akaweka kikombe chini polepole. "Daktari, una binti?"

"Ninaye."

"Naye hubadilisha kila Jumamosi?"

Daktari wa watu hakumaliza kahawa. Alishuka mlima haraka hata akasahau kofia yake, na mimi nilikuwa na jino linaniuma tangu Noeli, nilikuwa nangoja mambo yaishe nimwonyeshe.

Wakaja wengine. Mmoja alikataliwa kwa sababu hakuugusa ukuta hata mara moja. Mwingine aliugusa mno. Mmoja alisema atavunja jiko aweke la chuma, Minas akamfungulia lango kabla hajamaliza sentensi. Mmoja alilalamika kwamba vyura wanapiga kelele, na huyo hata mimi nilimwona hafai. Lakini wengine walikuwa watu wa maana, wenye adabu, wenye nia, na wote walirudi mjini na lile "tutafikiri" lao. Kwenye mgahawa wa kahawa wanaume walipata pa kuchekea.

"Vipi, Minas, binti amepata mtu?"

"Wapo, wapo. Lakini wachumba wa siku hizi, ah."

"Mchunge asizeekee nyumbani!"

Nikamwambia jioni hiyo, "Minas, mchagua jembe si mkulima."

"Sichagui jembe," akasema. "Nachagua mkono wa kulishika."

Kuna watu ukigombana nao unatoka na ushindi, na kuna mume wangu. Nilikwenda uani nikafua mashuka yaliyokuwa safi.

Mirsini naye alifika ukingoni. Alinipigia simu sauti imemkauka. "Shangazi, nimeuza nyumba zenye nyufa. Nimeuza nyumba yenye nyuki ndani ya ukuta. Hii isiyo na kasoro ndiyo inanishinda. Ninaye mteja mmoja tu aliyebaki. Mjomba akimfukuza na huyu, tafuta dalali mwingine, na usinichukie."

"Sikuchukii, mwanangu. Mlete."

Mteja huyo alikuwa Amalia, mjane kutoka Volos, aliyekuwa na kiwanda cha jibini akakiuza. Alikataa gari la Mirsini, akapanda kutoka kijijini kwa miguu na fimbo, akifika kwenye kila tuta la mizeituni anasimama anapumua na kutukana magoti yake. Nikampenda hapohapo. Aliugusa ukuta kwa nyuma ya kiganja, kama unavyompima mtoto homa. Aliuliza upepo mbaya unaingilia upande gani. Nilimpa mkate wa mboga za porini akaula kwa vidole, akaomba mwingine. Vyura walipoanza alisikiliza kidogo.

"Marehemu mume wangu alikoroma kuliko hawa," akasema. "Nitalala vizuri."

Nikamtazama Minas nikamwona amebanwa. Alimuuliza baba yake alikuwa nani, akaambiwa fundi seremala. Alimuuliza kijiji, akakijua, aliwahi kujenga daraja karibu nacho. Alimuuliza kama atakaa mwaka mzima au kiangazi tu. Mwaka mzima, akasema Amalia, nina mbwa mzee hapendi kuhamahama. Kahawa ikaisha. Minas akaagiza nyingine, jambo ambalo hajawahi kufanya kwa mchumba, na mimi nikaileta mbio. Mirsini alikuwa amevua miwani. Hata yeye alikuwa akiomba.

"Watoto unao?" akauliza Minas.

"Wawili."

"Wa kike?"

"Wa kiume, wote wawili."

Haki ya Mungu, nilimwona mume wangu akilegea mabega, kama mtu aliyetafuta kasoro siku nzima akaikuta chini ya kiti chake. "Basi haiwezekani," akasema.

"Kwa nini haiwezekani?"

"Ukifa, samahani, Mungu akupe umri, itakwenda kwa wanao."

"Ndiyo."

"Nao wana wake."

"Mmoja anaye. Mwingine bado anahangaika."

"Unaona? Nyumba hii iishie kwa mkaza mwana! Mwanamke ambaye sijamwona, hajaushika ukuta, sijui ni mtoto wa nani. Haiwezekani, mama. Tutafikiri." Na akainuka, na mkono wake ukaenda kwenye suruali.

"Usijipanguse!" nikasema.

Sauti iliyotoka hata mimi niliishangaa. Minas alibaki mkono umening'inia.

"Keti, Minas."

Akaketi.

"Shamba hili la nani?"

"Shamba gani?"

"Hilo ulilolikanyaga."

Anajua. Kijiji kizima kinajua, hata mbuzi wanajua. Kwetu wanawake wanamiliki na wanaume wanaongea, na kwa kuwa wanaongea sana mtu husahau.

"Nitakuambia mimi. La mama yangu Evdokia, na kabla yake la mama yake, na hati ina jina langu, na kilichojengwa juu yake kiko kwa jina langu. Uliingia kwangu na sanduku la nguo, Minas, na redio hata hukuwa nayo. Nimekaa nyuma ya mlango huu nimeshika biskuti tangu milozi ichanue, nakusikia unamwoza binti asiye wako. Huyu wa mawe ni wangu. Wa nyama yuko Uholanzi na mtoto wake, na wewe unamfungia mlango kwa kumwekea wazi huu! Mama Amalia, posa nimeikubali. Mchukue."

Mirsini alipaliwa na biskuti. Amalia hakufurahi kama nilivyotarajia. Alimtazama Minas, akaweka mikono yake juu ya fimbo.

"Mimi sitahamia kwenye nyumba iliyolaaniwa na fundi wake," akamwambia. "Useme mwenyewe."

"Sijailaani," akasema Minas. Akainuka, akashuka zake kupitia kwenye mizeituni, bila kujipangusa.

Tukauza. Na tangu siku hiyo mume wangu akaacha kusema nami. Si kwamba alinyamaza, laiti angenyamaza. Aliongea na vitu. Mezani aliiambia chupa ya mafuta, "Njoo hapa." Aliuambia mkate umekaushwa mno. Asubuhi aliviuliza viatu vyake kama kuna kahawa. Nami nikamjibu, mjinga mimi, na yeye akavishukuru viatu.

Siku ya kukabidhi funguo nilikwenda peke yangu na Mirsini, nikidhani yeye hatatokea. Akatokea. Amenyoa, amevaa suti yake ya kanisani, nyuma yake padri na shada la mrihani na bakuli la maji ya baraka. Hakunitazama. Alimwacha padri anyunyizie kila chumba, kisha akatoa funguo mfukoni akamkabidhi Amalia kwa mikono miwili.

"Mwezi wa pili upepo wa kusini ukivuma, usifungue mlango wa nyuma," akamwambia. "Matete uyakate baada ya Noeli, si kabla. Tangi usilimalize, liachie kidogo chini, halipendi kuwa tupu. Na ule ukuta wa mashariki, asubuhi, jua likishaupata..."

"Nitamtunza," akasema Amalia, akambusu mashavu yote mawili kama mkwe.

Nilimhurumia mpaka roho ikaniuma, na papo hapo nikamkasirikia upya, maana kwa sababu ya kumhurumia nilishindwa kufurahi, na nilikuwa nimeingoja furaha hiyo muda mrefu. Nilisubiri ashuke, nikajificha nyuma ya tangi la maji la jirani, nikapiga simu.

"Imeuzwa," nikasema.

Nikasikia mtoto anagonga kitu huko nyuma. "Kweli, Mama?"

"Kweli. Jana ilikuwa yetu, leo si yetu."

"Na Baba anasemaje?"

"Baba yako anaongea na viatu."

Akavuta pumzi. "Basi nakuja," akasema.

Akaja, kabla tu ya sikukuu ya Bikira ya mwezi wa nane, meli imejaa watu hadi kwenye ngazi. Alishuka na begi mgongoni na mtoto mkononi, na kabla sijasema neno akanipachika mtoto kifuani, hivi, kama gunia la unga. Mzito! Simu haikuniambia kwamba ni mzito. Alininusa, akanivuta hereni, akaamua nafaa. Sina la kusema zaidi kuhusu saa hiyo. Mtu aliyewahi kungoja atajua.

Na Minas akanishangaza. Hakutupa begi ndani ya pikapu. Aliliweka. Aliendesha moja kwa moja hadi nyumbani, na tulipopita pale njia inapogawanyika kwenda kilimani hakugeuza hata shingo. Hakutaja bomba wala kigae. Alimuuliza Evdokia kazi yake ni nini hasa, na Evdokia akamweleza, na yeye akauliza tena, na jioni wakakaa uani wakimenya maharage pamoja, wakicheka kitu ambacho sikukisikia. Mimi bado aliniletea salamu kupitia sufuria, lakini nikamwachia. Mjukuu nilikuwa naye. Nilimwogesha kwenye beseni, nilimlisha mtindi, nilimtembeza kijiji kizima, na aliyeniuliza jina lake nilisema "Mtoto," maana kwetu asiyebatizwa huitwa hivyo, na kwa njia hiyo sikulazimika kutamka Fenna. Siku zikawa tamu. Nikajisemea, umeona, Sevasti, ulikuwa sahihi.

Asubuhi moja Evdokia alikuwa akimpakia mtoto asali kwenye mkate. Akasema bila kuinua uso, "Mama, unadhani yule mama wa kilimani anaweza kuniruhusu niione?"

"Uone nini?"

"Nyumba."

Nikaweka kisu chini. "Uliiona mara mia."

"Sikuiona. Nilikuwa nafumba macho nikingoja Baba amalize kusema."

Ningesema hapana. Lakini Minas alikuwa mlangoni, amesikia, na tayari alikuwa anatafuta ufunguo wa gari. Alitupandisha hadi kwenye lango, akabaki ndani ya pikapu mikono kwenye usukani. "Mimi sina changu humo," akauambia usukani.

Amalia alitupokea vizuri, kupita kiasi. Alitukalisha kwenye ile baraza niliyowahudumia wachumba wote, akatuletea zabibu za sukari, kijiko kwa kisahani, na glasi ya maji baridi, kama wageni wanavyopewa. Mgeni ni mimi, kwenye shamba la mama yangu. Nikala. Evdokia aliomba ruhusa akaingia ndani na mtoto. Hakurudi. Zabibu zikaisha, tukaongelea magoti, tukaongelea mbwa, na yeye hajarudi, nikainuka kumtafuta.

Nilimkuta katika chumba cha mwisho, kile alichojengewa yeye, amekaa sakafuni. Karibu na mahali pa kitanda Minas alikuwa ameweka dirisha dogo chini kabisa, usawa wa goti langu. Mara ngapi nililifagia vumbi nikalaani, nani anaweka dirisha mahali pa kufagia? Mtoto alikuwa amepiga magoti mbele yake, pua kwenye kioo, anaitazama bahari yote iliyo mbele yake, anapiga kelele za furaha. Evdokia alikuwa analia.

"Nilikuwa mdogo," akasema. "Nilimwambia Baba madirisha ni ya watu wakubwa tu."

Nilisimama mlangoni. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, akaupapasa tena.

"Ningeweza kuishi hapa," akasema. "Mama, mbona hamkuniambia?"

Hamkuniambia!

Nilimnyanyua mtoto, maana nisingemnyanyua mtoto ningenyanyua kitu kingine. Nikaagana na Amalia sijui kwa maneno gani. Evdokia alitangulia mbio hadi langoni, akaegemea dirisha la pikapu, nikamsikia akimwambia baba yake lilelile. Baba, dirisha la chini. Baba, mbona hukuniambia, mbona mliuza haraka hivyo? Minas, aliyemsimulia kila bomba na kila kigae kwa miaka, akashindwa hata pa kuanzia. Akanitazama mimi ninayekuja na mtoto begani. Nami nikamtazama yeye. Nadhani tangu tuoane hatujawahi kukubaliana hivyo juu ya jambo lolote. Mtoto akinyea kiganja hakikatwi, ndivyo wanavyosema, lakini hawasemi kwamba katika hali hiyo mtu hujikuta anakitafuta kisu.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, tangu ile Pasaka: kamba ya mbuzi, wachumba, daktari wa meno na jino langu, mama yangu na mama yake mama yangu. Nilivuta pumzi ya kuyatoa kwa mkupuo mmoja, yasikike hadi bandarini. Ndipo nikahisi uzito umebadilika. Mtoto alikuwa amelala. Kichwa kimeangukia shingoni mwangu, mdomo wazi, ananitiririshia mate ndani ya kola, ana joto la mkate.

"Sevasti," akasema Minas. Mimi, si usukani. "Utamwamsha."

Nikaufunga mdomo. Nikazunguka upande wa pili, Evdokia akanifungulia mlango, nikapanda taratibu na mzigo wangu.

"Endesha polepole," nikamwambia.